Bethidei ya siku moja, mbwa wa miaka kumi

Chukua nyumba moja ya kupanga Magomeni Mikumi, ya aina ambayo kila msomaji wa ukurasa huu anaijua: vyumba sita, korido katikati, uwani bomba moja na kamba za nguo. Mtoto wa darasa la tatu anatimiza miaka tisa mwezi ujao. Mama yake ameshaanza kupiga hesabu ya keki. Jioni mtoto anamfuata uwani anakopika.

"Mama, mwaka huu sitaki keki. Nataka mbwa."

"Mbwa? Baba mwenye nyumba atasemaje? Na bibi wa chumba cha mbele anaswali vipindi vyote vitano, mbwa akikanyaga mkeka wake?"

"Nitamfunga. Halafu mbwa hana gharama mama, anakula makombo."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayowaponza wazazi wengi. Keki inaonekana ghali kwa sababu inalipwa kwa mkupuo. Mbwa anaonekana wa bure kwa sababu analipwa kidogo kidogo, elfu mbili leo, elfu mbili kesho, mpaka siku anapomng'ata mtoto wa jirani na nyumba nzima inatafuta nauli ya hospitali usiku.

Kabla ya kumjibu mtoto ndiyo au hapana, ni vizuri mzazi aweke hesabu hizo mbili mezani, ya shughuli na ya mbwa. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu. Zibadilishe kwa bei za mtaani kwako.

Pesa ya shughuli inakwenda wapi

Shughuli ya mwaka jana katika nyumba kama hii inaweza kuwa hivi. Keki ya kilo mbili ya kuagiza, 60,000. Kreti mbili za soda, 32,000. Mchele kilo tano, nyama kilo mbili, viungo na mafuta, 54,000. Maputo na mapambo ya ukutani, 25,000. Spika ya kukodi, 40,000. Vifuko vya pipi vya watoto kuondoka navyo, 20,000. Mpiga picha, 20,000. Jumla 251,000, na saa mbili usiku mwenye bethidei ameshalala na viatu.

Sasa muulize mtoto huyo anakumbuka nini. Mara nyingi hatataja mapambo. Atataja kumwagiwa maji! Ile desturi yetu ya kumvizia mwenye bethidei na ndoo haina gharama, na ndiyo watoto wanayoisimulia shuleni Jumatatu. (Maji yatosha. Unga na mayai ni chakula, na macho ya mtoto hayakuumbwa kwa ajili ya unga.)

Kinachokula pesa katika shughuli nyingi ni watu wazima. Mtoto anataka wenzake kumi wa kucheza nao. Sisi ndio tunaoalika arobaini ili shangazi asinune, tukakodi spika ili mtaa ujue. Ukibaki na watoto kumi na wawili na ndugu wa karibu, nusu ya bajeti imeshaondoka bila mtoto kupungukiwa kitu.

Keki ya nyumbani haihitaji oveni. Akina mama wa Dar es Salaam wameoka miaka mingi kwa jiko la mkaa: sufuria nzito, moto kidogo chini, makaa mengi kwenye mfuniko juu. Unga, mayai, sukari, siagi na baking powder vinaweza kukugharimu kama 18,000. Badala ya soda, juisi ya ukwaju, ubuyu au rozela, 10,000, tena unaamua mwenyewe kiasi cha sukari. Pilau ya watu wachache 25,000. Bisi za kukaangwa nyumbani 4,000. Maputo pakiti moja, 5,000. Jumla 62,000.

Kwa maputo na mishumaa, Kariakoo ipo hapo hapo. Unapanda mwendokasi Mapipa, unavuka Jangwani, umefika, labda iwe siku ya mvua kubwa na Jangwani imefungwa. Mtaa wa Kongo una kila kitu cha bethidei, na hilo ndilo tatizo lake. Nenda na orodha na pesa ya orodha, mtoto abaki nyumbani. Wenye watoto wawili waliozaliwa wiki zinazokaribiana wanaweza kufanya shughuli moja kwa keki mbili ndogo, ila kila mtoto aimbiwe peke yake. Wakiimbiwa pamoja, wote wawili watakasirika.

Hapo mama wa Mikumi ameokoa 189,000. Mtoto anaziona na anasema: si ndiyo pesa ya mbwa hiyo?

Hesabu ya mbwa

Mtoto wa mbwa wa kienyeji unaweza kupewa bure na jirani wa Kigogo au ndugu wa Chanika. Tuseme umempata bure. Kuanzia siku hiyo anakula kila siku, Krismasi na Idi, mshahara umetoka au haujatoka. Kwa dona, dagaa, na utumbo au vichwa vya samaki vya kuchemsha, weka 2,000 kwa siku. Kwa mwaka ni 730,000. Yaani chakula peke yake, kabla ya dawa hata moja, ni karibu mara tatu ya ile shughuli ya kifahari ya mwaka jana. Zile 189,000 zilizookolewa zinamlisha siku 94.

Mbwa akitunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi. Huyu wa darasa la tatu atakuwa amemaliza sekondari na huenda yuko chuo Dodoma au Mbeya, na mbwa bado yuko uwani anamtazama mama.

Na makombo? Makombo yanasaidia, lakini hayatoshi, na mengine ni sumu. Chokoleti ina kemikali ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuiondoa haraka kama wa binadamu. Kipande cha keki nyeusi kinachomchekesha mtoto kinaweza kumtapisha mbwa mdogo, kumtetemesha na hata kumuua. Zabibu, mbichi au kavu, huharibu figo za mbwa. Kitunguu huharibu damu yake, na pilau letu bila kitunguu si pilau. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano na kutoboa utumbo. Ukiangalia vizuri, sahani ya bethidei ndiyo sahani mbaya kuliko zote kumpa mbwa.

Halafu kuna gharama za mwanzo: bakuli mbili, mkanda, mnyororo mrefu wa kutosha asijinyonge, kibanda cha mbao kisichovuja. Dawa ya minyoo kwa mbwa mdogo haitolewi mara moja. Wataalamu wa mifugo huirudia kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu hivi, kisha kwa vipindi. Hii si anasa ya mbwa. Minyoo ya mbwa hupita kwenye kinyesi hadi kwenye mchanga, na kwenye mchanga wa uwani ndipo watoto wanapochezea na kulia vidole. Ongeza dawa ya kupe na viroboto. Kama ni jike, ongeza gharama ya kumfunga kizazi, au jiandae na watoto sita wa kugawa kila anapozaa.

Chanjo hazipunguzwi

Kila kitu kilichotajwa hadi hapa mzazi anaweza kukibana. Kibanda kinaweza kujengwa kwa mbao za kreti, bakuli likawa sufuria iliyotoboka masikio. Chanjo haibanwi.

Ya kwanza ni ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia. Asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kati ya kila wanaokufa kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Sababu si ngumu kuiona: mtoto ndiye anayecheza na mbwa, ni mfupi kiasi kwamba mbwa humfikia uso na kichwa, na mtoto ndiye anayeficha.

Hili la kuficha lina uzito wake. Mtoto akiparuzwa na mbwa aliyekuwa akimchokoza, hofu yake ya kwanza ni fimbo. Akiparuzwa na mbwa wake mwenyewe anayempenda, anaogopa pia kwamba mbwa atauawa. Kwa hiyo anafuta damu kwa shati la shule na kunyamaza. Virusi havina haraka. Mara nyingi dalili hutokea miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mwingine wiki moja, wakati mwingine hata mwaka, na kidonda kimeshapona, kila mtu ameshasahau. Dalili zikianza, homa, kuwashwa pale palipong'atwa, kuogopa maji, kuchanganyikiwa, hospitali haina tena la kufanya zaidi ya kumpunguzia mtoto mateso.

Ndiyo maana mazungumzo ya kwanza na mtoto anayeomba mbwa yasianze na kibanda. Yaanze na sentensi hii, irudiwe mpaka aiamini: "Ukiparuzwa au kung'atwa na mbwa yeyote, uniambie hapo hapo. Hutachapwa."

Akishakuambia, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Angalia saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani na mtoto atakuwa analia. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majivu. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo, hata kama mbwa ni wa kwenu, hata kama amechanjwa, mhudumu ndiye aamue. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na ya kwanza peke yake haitoshi. Kuna wazazi wanaoishia njiani kwa sababu nauli na pesa za sindano zimekwisha na mtoto anaonekana mzima. Mtoto aliyeachiwa njiani hajakingwa. Kama bajeti ya mbwa haina fungu hili pembeni, bajeti hiyo haijakamilika.

Kumkinga mbwa ni nafuu mno ukilinganisha na hayo yote. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya chanjo iliyotumika. Unapewa kadi. Kwa bei na siku, muulize ofisa mifugo wa kata yako au daktari wa mifugo. Uliza pia kuhusu kampeni, kwa sababu zipo siku ambazo chanjo hii hutolewa bure, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ni ya kifo cha Louis Pasteur, Mfaransa aliyemchanja mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa mwaka 1885. Mtoto yule alipona.

Anayedhani chanjo ya mbwa mmoja ni tone baharini aangalie Pemba. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza kisiwani humo mwaka 2010 ziliumaliza ugonjwa kufikia 2014. Ukarudi 2016, chanjo ikarudiwa, na kufikia 2018 ukaondoka tena. Wataalamu husema ukichanja mbwa saba kati ya kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa uchochoro wa Magomeni wenye mbwa kumi, mbwa wako ni mmoja wa hao saba au ni mmoja wa watatu.

Chanjo nyingine ni ile ya mchanganyiko, inayomkinga mbwa mdogo dhidi ya magonjwa kama parvo, ambayo humuua kwa kuharisha damu ndani ya siku chache. Huko mtoto ndipo anapojifunza kifo mapema bila sababu. Nyingi ya chanjo hizo hukinga pia leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipolipuka mkoani Lindi mwaka 2022. Unaenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya na mbwa, na mtaa unaotuamisha maji kila masika hauna sababu ya kuupuuza.

Majirani

Nyumba ya kupanga si yako peke yako, na Magomeni si Goba ambako kila mtu ana ukuta na geti. Kabla ya mtoto kuahidiwa lolote, mwenye nyumba aulizwe. Wapangaji wenzako waulizwe pia, kwa adabu, na aanze kuulizwa bibi wa chumba cha mbele. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi pwani hii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anayezurura uwani anamwongezea bibi huyo kazi ya kuosha kila siku, katika nyumba yenye bomba moja. Akisema hapana, hana roho mbaya.

Wa Magomeni Kota, wanaoishi kwenye maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022, wana swali lao: mbwa wa ghorofa ya tano atajisaidia wapi saa kumi na moja alfajiri, na nani atamshusha? Watoto huahidi kwamba ni wao. Baada ya wiki mbili ni mama.

Mbwa wa kufungwa kutwa kwenye korido atabweka, atakonda na atakuwa mkali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula, maji na mahali panapofaa. Kumtupa barabarani baada ya kumchoka ndiyo namna mtaa unavyopata mbwa koko, na mbwa koko ndiye asiye na kadi ya chanjo.

Mbwa wa kibubu

Basi mama wa Mikumi amjibu nini mtoto wake? Lipo jaribio ambalo halimgharimu kitu. Afanye shughuli ndogo ile ya 62,000, maji na ndoo vikiwemo. Siku ya pili amnunulie mtoto kibubu, kile cha udongo kisicho na mlango, ili asiyeweza kuvumilia lazima akivunje. Kuanzia hapo, kila siku, familia iweke humo 2,000 kana kwamba mbwa yupo na amekula. Mtoto aamke alfajiri kufagia uwani mahali ambapo mbwa angekuwa. Aweke maji safi kwenye bakuli, ayamwage jioni. Siku tisini.

Watu wazima watacheka. Lakini baada ya siku tisini kibubu kitakuwa kimesema ukweli ambao hakuna mtu nyumbani angeusema kwa mdomo. Kama kimevunjwa wiki ya tatu kulipia luku, basi mbwa yule angelala njaa wiki ya tatu. Hapo hakuna wa kulaumiwa, na hakuna mnyama aliyeteseka ili kulijua hilo. Kama kimefika mwisho kikiwa kizima, ndani yake mna 180,000: chanjo, dawa ya minyoo, mnyororo na mbao za kibanda, na ushahidi kwamba 2,000 ya kila siku inapatikana.

Kibubu kikivunjika, mtoto asidharauliwe. Mpeleke Jumamosi kwa mjomba mwenye mbwa aliyechanjwa, amsaidie kumlisha na kumwogesha. Paka pia hupendwa na hukubalika katika nyumba nyingi za Magomeni, hula kidogo na hupunguza panya. Naye achanjwe, kwa sababu kichaa hakichagui.

Kibubu kikibaki kizima na majirani wakiridhia, mtafute mbwa aliyetimiza wiki nane, umuone na mama yake ikiwezekana. Usimnunue yule anayenyanyuliwa dirishani kwenye foleni ya magari akiwa hata macho hayajakaza. Kadi yake ya chanjo itiwe kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto. Na tarehe ya kuichunguza kila mwaka ipangwe wiki ya bethidei ya mtoto mwenyewe. Mama anaweza kusahau siku ya chanjo. Mtoto hasahau siku ya keki.